Bati la Tangi

Walimwita Gia Mbili, na jina hilo hakulichukia. Alilipata alipokuwa dereva wa kuajiriwa kwenye shamba kubwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza trekta. Wenzake walirudi mchana wakitimua vumbi, yeye akija nyuma polepole kama anayesindikiza jeneza. Lakini mistari yake ya jembe ilinyooka, na trekta alilopewa yeye halikulala gereji. Mwenye shamba alipozeeka na kuanza kuuza vitu vyake, Gia Mbili aliuza ng'ombe wake wote na pikipiki juu, akalinunua lile trekta alilokuwa akiliendesha. Siku alipoliingiza uani, mama yake alitoka jikoni na mikono yake ya unga, akalizunguka taratibu, akasema, "Haya. Sasa hutumwi na mtu."

Mama huyo alikuwa mjane tangu mwanawe yuko shule. Enzi hizo alifanya kibarua kwenye tanuri la matofali, na mara nyingi alilipwa matofali badala ya fedha, tena yale yaliyovunjika pembe. Kwa matofali hayo alijijengea jiko la nje, na nyuma ya jiko akaongeza chumba kidogo. Ukuta wa katikati ulikuwa mmoja, huku moto, kule kitanda. Mwanawe alipojenga nyumba kubwa alimtengea chumba chenye dirisha la vioo, lakini mama alilala humo kwa wiki chache tu akarudi kwake. Alisema ukuta wake unamkanda magoti bure, bila dawa. Chumba cha vioo wakapewa wajukuu, na hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo.

Kazi ya trekta haikuwa mbaya. Kilichomsumbua Gia Mbili ni mafuta. Kituo kilikuwa mbali, kwenye barabara kuu, na kwenda huko na trekta ni kuchoma mafuta ili ukanunue mafuta. Basi alikuwa akiagiza dizeli kwa madumu ya plastiki, anayamimina kwa faneli na kitambaa, nusu inaingia, nyingine inamwagikia suruali. Mkewe alikuwa akifua nguo zake peke yake, mbali na za watoto, na bado shuka zilinuka.

Mvua ikikaribia, kila mwenye shamba anataka kulimiwa siku ileile. Msimu mmoja trekta lilizimika katikati ya shamba la mteja. Taka za dumu zilikuwa zimeziba njia ya mafuta. Gia Mbili alishinda juani akifungua na kufunga nati, anatoa hewa kwenye pampu, anapuliza mirija kwa mdomo hadi ulimi ukafa ganzi. Aliponyanyua kichwa, mteja alikuwa ameshaleta trekta lingine, linalima upande wa pili wa shamba lilelile. Hawakugombana. Mteja alimwambia tu, "Usinielewe vibaya, ndugu yangu. Mvua haingoji."

Wiki ile akamwita fundi wa kuchomelea, amtengenezee tangi la kuwekea dizeli pale nyumbani.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi lakini kazi yake aliijua. Alitaka tangi la chuma kitupu, lisilopakwa zinki, maana dizeli na zinki hazipatani. Alitaka kichanja kirefu kupita trekta, ili mafuta yashuke yenyewe kwa mpira bila pampu. Tangi likae limeinama kidogo, maji na uchafu vikusanyike upande wa chini penye koki ya kumwagia, na bomba la kutolea mafuta liwe juu kidogo ya hapo. Liwe na chujio, na bomba dogo la kupumulia. Chini ujengwe ukingo wa kuzuia mafuta yakivuja, na juu paa, kwa sababu tangi likipigwa jua mchana na baridi usiku linatoa jasho kwa ndani, na hilo jasho ni maji.

"Na moto?" akauliza Gia Mbili.

"Dizeli si petroli, haishiki kwa cheche moja. Ila ikishika, usinitafute mimi. Moto ukae mbali nayo."

Wakazunguka uwanja mzima. Nyuma ya nyumba palikuwa na kisima. Mbele ni barabarani, kila mpita njia angeona. Upande mmoja ardhi ilishuka, trekta lingesimama upande. Mahali palipobaki, tambarare, pana kivuli cha asubuhi na trekta linafika bila kurudi nyuma, palikuwa hapo penye jiko la mama.

Fundi akakohoa, akakunja futi yake. "Hapo mtaelewana wenyewe," akasema.

Gia Mbili alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Akachuchumaa mbele yake, akaanza mbali, habari za mteja, habari za mvua. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jiko linavunjwa."

"Linahamishwa, mama. Nakujengea lingine kule upande wa mashariki, na chumba chake kikubwa zaidi. Bati ninazo stoo, simenti ninayo. Tukishasimamisha tangi tu, naanza lako."

"Hilo tangi lina miguu ya chuma. Haliwezi kusimama kwingine?"

"Tumeangalia kila mahali."

Mama akaendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, akapuliza ungo. "Matofali myatoe mazima," akasema mwishowe. "Msiyapige nyundo ovyo. Yatafaa huko kwingine."

Mke wa Gia Mbili alikuwa akisikia kutoka mlangoni. Jioni alimwambia mumewe, "Anza na chumba, halafu tangi." Mumewe akajibu kwamba fundi ameshapatikana, na akiachiwa aende hatarudi kabla ya mvua. Hilo lilikuwa kweli. Karibu kila alichosema Gia Mbili siku zile kilikuwa kweli.

Jiko likabomolewa. Mama akawekewa kitanda stoo kwa muda, kati ya tairi za akiba na sahani za jembe zilizopakwa grisi. Alipogeuka usingizini, mkono uligusa chuma. Hakulalamika. Mchana alikuwa akitoka kwenda kuyahesabu matofali yake, ameyapanga mwenyewe vizuri pembeni.

Kisha fundi akaanza ukingo, na matofali ya kiwandani hayakuletwa siku ile. Lori liliharibika njiani. Matofali ya mama yalikuwa pale pale, hatua chache. "Tuyaazime," akasema Gia Mbili, "nitayarudisha mapya." Ukingo ukakamilika na simenti ikaisha humo. Mawingu yakaanza kujikusanya, dizeli ikafika, tangi likajazwa, na fundi akasisitiza lisikae wazi hata siku moja. Gia Mbili akaingia stoo, akatoa bati zilizokuwa zimeegemezwa ukutani, juu ya kitanda cha mama yake.

Mama alikuwa amekaa kitandani wakati anazitoa. Hakumzuia. Alisogeza miguu tu ampishe.

Alasiri, paa lilipokwisha, alitoka nje akasimama mbele ya tangi. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha, kila kiungo kimekazwa. Fundi alimsalimu, "Shikamoo, mama," akajibiwa, "Marahaba, baba. Umefanya kazi nzuri." Kisha akamgeukia mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaulizia chumvi.

"Mafuta yamepata bati kabla yangu."

Gia Mbili akasema ni msimu tu, msimu ukipita kitu cha kwanza ni chumba chake. Mama akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akavaa nguo zake za safari, akaaga kwamba anaenda kumtembelea binti yake mjini, dada mkubwa wa Gia Mbili, ambaye ni fundi cherehani. Mkwewe alimbebea mfuko mpaka barabarani. Aliporudi hakumpikia mumewe siku ile.

Msimu huo ulikuwa bora kuliko yote. Gia Mbili aliamka, akafungua koki ya chini kutoa maji kidogo, akajaza tangi la trekta kwa mpira, akatoka kabla wengine hawajafika kituoni. Injini haikukwama hata mara moja. Yule mteja aliyeleta trekta lingine alirudi mwenyewe kuomba nafasi. Watu walikuja kuliangalia tangi, wakamsifu, naye akawaeleza habari za jasho la chuma kama aliyezaliwa nazo.

Alimpigia mama yake simu mara kwa mara. "Nakaribia kuanza, mama." Mama alijibu, "Sina haraka." Siku moja simu ikapokelewa na dada. "Mdogo wangu," akasema, "usimpigie kumwambia unakaribia. Mpigie ukimaliza."

Alimaliza. Alijenga chumba kizuri, na jiko ubavuni, ukuta wa katikati mmoja kama ule wa zamani. Akamfuata mama kwa gari la kukodi. Mama aliingia, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale kidogo. Akapasifu. Akala chakula cha mchana na wajukuu, akacheka nao. Jua lilipoanza kushuka akauliza gari litaondoka saa ngapi.

"Si unalala, mama?"

"Nimeshazoea kule."

"Lakini hapa ni kwako."

"Pazuri sana," akasema mama. "Waweke watoto."

Hakurudi kulala pale hata siku moja. Chumba kilikaa na kufuli, baadaye yakaingizwa magunia, na mke wa Gia Mbili alipoona la kwanza linaingia alikaa kizingitini akalia waziwazi, na mumewe akapita pembeni yake na gunia mabegani.

Siku hizi Gia Mbili huenda mjini mara kwa mara kumwona. Mama anaishi kwenye chumba cha kushonea, kitanda chake kimebanwa kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Anamkaribisha kwenye kiti kilichopanguswa. Anamletea chai kwenye kikombe chenye kisahani, kile cha wageni, na mwanawe akitaka kunyanyuka aongeze sukari mwenyewe, mama humwambia, "Kaa, kaa, usihangaike." Anamwuliza njia ilikuwaje. Anamwuliza kazi. Anamshukuru kwa alivyoleta, kimoja kimoja, kwa adabu kamili.

Na kila mara Gia Mbili anakunywa chai yake polepole mpaka tone la mwisho, maana akishaweka kikombe chini, mama husimama kumsindikiza.