Mkanda wa Mtoto kwenye Kona za Soni

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilichokipata kwa kusoma masomo ya jioni darasa moja na watu wenye wajukuu, na bado niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtoto akifungwa kwenye kiti cha gari kisha akapitishwa kona za mlimani Soni, utumbo wake unajisokota.

Habari hiyo niliipata kinyozini, mahali ambapo habari zote za Lushoto huzaliwa zikiwa tayari na meno. Jamaa mmoja aliyekuwa ananyolewa ndevu ndiye aliyetufundisha, povu likiwa limemfika masikioni. Mwili wa binadamu, alisema, umeumbwa uyumbe na kona. Ukiuzuia kwa nje, matumbo yanayumba peke yake ndani.

"Wazungu barabara zao zimenyooka, mgosi," aliniambia. "Viti vyao havijui Soni."

Kinyozi akashusha wembe kwa heshima. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama profesa. Hata somo la baiolojia, ambalo nilifaulu, halikuinua mkono kupinga.

Wakati huo mke wangu alikuwa amehamishiwa kufundisha Korogwe, na alikwenda na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika meza. Mimi nilibaki mlimani na kabichi zangu. Nikanunua kigari chakavu, kidogo kiasi kwamba kabichi zikipanda, dereva anaomba ruhusa. Kila Ijumaa nilishuka kuwachukua, Jumapili nikawarudisha. Mke wangu alikaa nyuma, mtoto mapajani, amemzungushia khanga na mikono miwili juu yake. Sote tulilelewa hivyo, na hatukuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine.

Jumapili moja tulikuwa tumeshaipita Soni tunateremka kwenda Mombo, kwa mwendo ambao bibi mwenye mzigo wa kuni angetupita na kutupungia mkono. Mbele yetu lori la mbao kutoka Shume likasimama ghafla kwenye kona. Nikakanyaga breki. Hatukugonga kitu, hata nzi hatukumgusa. Lakini mtoto alitoka mikononi mwa mama yake kama sabuni, akagonga paji la uso nyuma ya kiti changu, akaangukia miguuni.

Alilia, nadhani mpaka Shume walisikia. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo, ila mimi niliuona mkubwa kama pichesi. Nilisogeza gari pembeni. Mke wangu alikuwa amemkumbatia.

"Nilimshika," alisema. "Mume wangu, nilimshika kwa mikono miwili."

"Najua. Nilikuwa nakuona kwenye kioo."

"Sikumwachia. Alitoka tu."

Mtoto alipotulia, mama yake akaanza kuitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kana kwamba imemsaliti. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile. Mikono ile inafua, inasonga ugali, inasahihisha madaftari ya shule nzima. Nikamwambia hakuna mikono duniani ya kushindana na breki, hata ya mnyanyua vyuma. Akafuta machozi kwa khanga.

"Basi tumtafutie kiti chake," akasema.

Hapo nikawasha gari. Nilikuwa nawaza utumbo. Bila kiti tunapoteza kichwa, tukiwa na kiti tunapoteza matumbo. Baba gani anapewa mtihani kama huo?

Hata hivyo Ijumaa iliyofuata tulikwenda wote sokoni Korogwe, kwenye vitu vya mitumba. Kijana mwenye kibanda akatuamkia vizuri, kisha akatuletea kiti chekundu chenye mahali pa kuwekea kikombe.

"Mzee, mtoto akikaa humu ni balozi kabisa!"

Nilikipenda papo hapo. Mke wangu akakipindua, akafunua kitambaa, akakuta plastiki ina ufa uliogundishwa kwa gundi.

"Hiki kimeshapata ajali," akasema.

"Ufa mdogo huo, mama. Hata nyumba zina nyufa."

"Nyumba yangu haikimbii barabarani."

Cha pili mkanda wake ulikuwa umechanika, ukaungwa kwa kamba ya kiatu. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kibaya cha sura, lakini mikanda yake ilikuwa mizima na kifungio kilijifunga *ta!* na hakikufunguka mpaka ubonyeze kwa nguvu. Chini kilikuwa na karatasi ya maelezo. Nikavaa miwani ili Kiingereza changu cha jioni kipate kazi. Maandishi yalikuwa ya Kijapani.

"Yanasemaje?" mke wangu akauliza.

"Wanatusalimia."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Bahati nzuri palikuwa na picha na namba: mtoto wa kilo hizi mpaka hizi, uso ukitazama nyuma ya gari. Kilo za binti yetu tulizijua kutoka kliniki, na zilikuwa humo humo. Mke wangu akakikagua tena kila pembe.

"Ya huko kilikotoka hatutayajua," akasema. "Ila nilichoweza kukiona nimekiona."

Tukakifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mkanda wa gari. Mke wangu akakipigia goti, akavuta mkanda mpaka kiti kikaacha kucheza. Muuza mitumba akatazama mtoto alivyogeuzwa, akasema, "Huyu anasafiri kinyumenyume kama anayemkimbia mdai wake." Mtoto mwenyewe aliridhika. Alipewa pia uji, na kwa kuwa nilihofia njaa ya njiani, nikamwongeza, kisha nikamwongeza tena.

Tulipofika Soni baridi ikaanza, tukasimama kumvika lile sweta nene alilofumiwa na bibi yake, lenye unene wa godoro. Mke wangu akafunga mkanda juu ya sweta. Mimi nikaona nafasi yangu, nikaulegeza.

"Unafanya nini?"

"Naacha utumbo upate kuyumba." Nikamweleza sayansi yote.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Kinyozini."

Alitaka kubisha, lakini kona ya kwanza ikafika, ya pili, ya tatu, na mtoto akainama upande kama gunia la karoti lisilojaa. Kisha akatapika. Akatapika uji wote, na mwingine ambao sikumbuki kumpa.

"Utumbo!" nikapiga kelele. "Umeshajisokota!"

Mke wangu akamfuta mtoto kwa khanga bila kunibishia, na hilo ndilo lililonitisha. Niliendesha moja kwa moja hadi zahanati, na njia nzima niliwaza jambo moja tu: kiti hiki kikitushinda, Jumapili mtoto anarudi mapajani, kwenye mikono ile ile, na barabara ile ile.

Tulimkuta mama muuguzi, mtu mzima, anakunja mashuka. Hata kwa hofu ile nilikumbuka kusema shikamoo. Akaitikia marahaba, akamchukua mtoto, akambonyeza tumbo, akamtazama macho na ulimi. Mtoto akamshika pua, akacheka. Nikaeleza habari ya kona, utumbo na mkanda nilioulegeza, bila kutaja kinyozi.

"Kabla ya safari alikula nini?"

"Uji, mama."

"Kiasi gani?"

Mke wangu akanitazama. Nikaonyesha kwa mikono.

"Heee! Na wewe, kona zile hazijawahi kukutapisha?"

"Zamani, kwenye basi."

"Ulikuwa umefungwa mkanda?"

"Hapana. Nilikuwa nimesimama."

Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaendelea kukunja shuka.

"Basi, baba, nisikilize. Utumbo hausokotwi na mkanda. Mtoto ametapika kwa sababu ya kona na uji mwingi, kama ulivyotapika wewe. Siku ya safari mpe kidogo, na mpe mapema. Mvue hilo sweta, maana linaufanya mkanda ulegee, kaza mkanda mpaka vidole vyako vishindwe kuufinya begani, halafu umfunike khanga kwa juu. Na akitapika tena, mfute."