Kibali cha Mume Hakirithiwi

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, nilivaa kitenge kipya, nikajipaka mafuta, nikatoka kwenda kuolewa na shemeji yangu kwa sababu ya karatasi. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka. Lakini asubuhi ile nilijiona mwerevu kuliko wote.

Kwetu ni Burundi. Luhende alinioa nikiwa na miaka ishirini na miwili, akanileta hapa Mwamkulu, pembeni ya mji wa Mpanda, kwa mama yake Msukuma ambaye wote tulimwita Mayu, yaani mama. Kibali changu cha kukaa nchini kilitokana na ndoa. Humo niliandikwa mke wa Luhende, basi. Tukapata watoto wawili. Halafu homa ya siku nne ikamchukua Luhende, nikabaki nimeshika kibali cha mke wa mtu ambaye hayupo.

Nilichanganyikiwa kabisa. Watoto ni Watanzania kwa baba yao, mimi je? Nikaona nitarudishwa kwetu na wao watabaki, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Sasa, kwa wakwe zangu ilikuwepo desturi ya kurithi mjane. Shija, mdogo wa marehemu, alikuwa kijana mpole. Mimi nikawaza kwamba mke akirithiwa, na kibali chake kinarithiwa pamoja naye. Nani aliniambia? Hakuna. Sikumuuliza mtu. Gari la serikali likipita barabarani naingia kwenye mahindi na mtoto mgongoni, natulia humo mpaka mlio uishe. Miezi miwili hivyo. Shija naye akanikubalia kwa huruma tu, ingawa alikuwa na mchumba wake kule Kibaoni na nyumbani wote tulijua, maana alikuwa hamalizi wiki bila kwenda huko.

Basi, Mayu akanikuta mlangoni. Akaniuliza ninakwenda wapi nimependeza vile, nikamweleza yote. Nikamwambia mke anaondoka na kibali chake kama ng'ombe na kamba yake.

"Shija unampenda?" akaniuliza.

"Hapana, Mayu."

"Huko uhamiaji uliuliza, wakakwambia uolewe?"

Nikaanza kurekebisha kitenge changu.

"Mwanangu Luhende aliniachia mkwe, hakuniachia ng'ombe. Lete karatasi zako zote, twende."

Tukapanda pikipiki moja, mimi na mtoto katikati, Mayu nyuma ameikumbatia bahasha. Njia nzima nilimwomba dereva apunguze mwendo, hadi akauliza kama naumwa.

Ofisini tulimkuta mama mmoja mwenye miwani. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kibali nilichopewa kwa ajili ya mume kimeishia kwa mume, na nikiolewa na shemeji hiyo ni ndoa mpya, naanza upya. Nikaanza kulia. "Subiri, sijamaliza," akasema. Akaniambia naweza kuomba kibali kwa jina langu mwenyewe, mimi mama wa watoto raia, mwenye nyumba na shamba. Nikitimiza miaka inayotakiwa naweza kuomba na uraia. Tatizo langu lilikuwa kuchelewa na kujificha, akanigombeza kwa hilo, na nilistahili.

Mwanangu, nilisisimka mwili mzima. Jina langu mwenyewe! Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba nina jina huko ofisini. Niliuzunguka mji wetu huu mdogo nikikimbia: cheti cha kifo, cheti cha ndoa kanisani, vyeti vya watoto, barua ya mtendaji. Mayu alinifuata nyuma akilalamika miguu, lakini hakubaki nyumbani hata siku moja. Kibali kilipotoka, yeye asiyejua kusoma alinitaka nimsomee jina langu mara tatu, kila mara anaitikia kwa furaha. Shija naye akamuoa mchumba wake. Harusini nilicheza mpaka viatu vikakatika, na sijui kati yangu na bibi harusi nani alikuwa na furaha zaidi.

Sasa nisikilize, wewe uliyekuja kuolewa huku kwetu. Mumeo akiwa mzima, nendeni wote mkaulize ndoa yenu inakupa haki gani, maana zipo njia zinazofunguka yeye akiwa hai tu. Ukifiwa, lia, mzikeni, mkimaliza matanga nenda mwenyewe ofisini na vyeti vyako. Usiniige mimi kukaa kwenye mahindi. Sheria zinabadilika, kwa hiyo hata haya yangu usiyabebe mzimamzima, kaulize ya leo. Na usimpe mtu mwili wako ili akupe karatasi.

Mungu akutunzie mwenzio. Akimchukua, basi akupe mtu wa kukushika mkono hadi kwenye dirisha la ofisi, na watoto wako wakiita mama usiku au mchana, uwe karibu uitike.