Mguu wa Mama Chini ya Taa ya Vifaranga

Mdomo wangu huu utaniponza siku moja. Nasema siku moja, kumbe umeshaniponza.

Kazi yangu hapa Moshi ni kutunza panya wa utafiti. Nawalisha, nasafisha vizimba, nawashika panya huku watafiti wakiwamulika kidonda cha mgongoni kwa leza, mwanga mwekundu hafifu usiounguza. Waliomulikwa walipona mapema, nami nikapanda kijijini kwetu Kilema kifua mbele kana kwamba leza nimeivumbua mimi.

Mama alikuwa na kidonda cha kisukari unyayoni. "Mama, kuna mwanga unaponya vidonda!" Akauliza ukoje. Nikamjibu huku namenya ndizi, "Mwekundu tu, kama wa taa ya vifaranga wako." Nikashuka zangu mjini.

Wiki mbili baadaye dada akapiga simu. Mama ameacha kwenda zahanati kusafishwa kidonda. Kila jioni anakaa bandani, mguu chini ya taa ya vifaranga. Jamani! Taa ile ni ya joto, na unyayo wake ulishakufa ganzi. Aliungua hadi malengelenge bila kujua.

Hospitali wakasema huenda mguu ukakatwa. Siku zile hapakukalika. Nilifungua vizimba nikasahau nilichofuata, nikapiga simu kila saa hadi dada akanifokea, "Kwani wewe ndiye daktari?" Mwishowe vilikatwa vidole viwili, mguu ukabaki. Nilishukuru, lakini moyo haukutulia.

Mama aliporudi nyumbani nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, lile tunalolishika Wachagga tukienda kuomba msamaha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alilitazama jani, hakunyoosha mkono. "Na panya ambao hawakumulikwa, walikufa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Hapana, Mama. Walipona pia. Walichelewa siku chache tu."

"Walikuwa wanasafishwa vidonda?"

"Kila siku. Wote."

"Hilo hukuniambia."

"Sikukuambia, Mama. Nisamehe."

Akalipokea, maana isale halikataliwi. "Haya, kaa, mtori unapoa." Nilikaa, nikainuka, nikakaa tena. Hadi leo sijui kama alinisamehe, au aliogopa tu kulikataa jani.