Wapima Kadi Waliopeana Mgongo

Watu wakiniuliza dada yangu anafanya kazi gani, nikawaambia anapima kadi za wachezaji mpira, hucheka. Wanadhani natania. Wacheke tu, hata mimi nilicheka. Zile kadi ndogo za picha ambazo watoto walizikuta kwenye pakiti za biskuti, wakazikunja na kuzitia mfukoni, leo watu wazima na ndevu zao wanazitafuta kwa udi na uvumba. Mtu akiipata ile adimu huogopa hata kuipumulia. Anaipeleka ofisini kwa dada. Huko inaangaliwa kama ni ya kweli au ya kughushi, inapewa alama kuanzia moja hadi kumi, kisha inafungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Ikishafungwa, mnunuzi haulizi tena. Anaiamini lebo.

Ofisini walimwita Jicho. Kuna wajanja huchukua kadi iliyochakaa pembe, wakainyoa ukingo kwa wembe mpaka pembe zikawa kali kama mpya. Dada aliwanasa hao bila jasho. Akiinamia kioo chake cha kukuzia, anakuambia wino huu ni wa kiwandani na ule umepakwa na mtu jikoni kwake. Jina hilo la Jicho alilipenda kuliko lile alilopewa na mama, na mama alijua, na alinung'unika.

Chumba chao kilikuwa ghorofani, madirisha yamepakwa rangi nyeusi ili jua lisiharibu kadi. Meza mbili, taa mbili, vitambaa vyeusi mezani. Mwenzake alikuwa mzee mmoja mpole waliyemwita Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo isipokuwa kurudi nyumbani. Walikaa wakipeana mgongo. Kuongea marufuku. Nusu ya kadi zilianzia kwa Kobe na nusu kwa dada, kisha walibadilishana sinia, na mwisho kila mmoja alitumbukiza alama zake kwenye kisanduku. Alama zikilingana, kadi inafungwa. Zikipishana sana, bosi anapanda ngazi kuuliza kulikoni.

Ukungu ulianza kwenye jicho la kulia, lile analoliweka kwenye kioo. Alidhani ni vumbi. Akafuta kioo, akafuta taa, akanawa uso mpaka ngozi ikawasha. Akahamia jicho la kushoto. Nalo, taratibu, likaingia ukungu.

Hakuniambia. Mimi nalala naye chumba kimoja, na mdomo wangu hauna pazia, labda ndiyo sababu. Aliyejua kwanza ni mama, ambaye haoni kabisa tangu sisi tukiwa shule. Jioni moja dada alipita sebuleni akigusa kiti, kisha ukuta, kisha mlango.

"Mwanangu," mama akasema, "mbona unatembea kama mimi?"

"Nimechoka tu, mama."

Usiku ule nilimsikia akilia kwa kujibana, na nilipombana kwa maswali ndipo akanieleza yote. Nilimwambia twende kwa daktari. Akanikatalia katakata. Alisema daktari akishalitamka lile neno, litakuwa kweli, na yeye hatakuwa Jicho tena, atakuwa mama wa pili ndani ya nyumba hii. Nilikasirika. Nilimwita mjinga, akanyamaza, nami nikaogopa kuliko hata yeye, maana dada yangu si mtu wa kunyamaza akitukanwa.

Jinsi alivyoendelea na kazi ndiko kulikonitia baridi. Alimsikiliza Kobe. Miaka yote ya kukaa mgongo kwa mgongo ilimfundisha kila mlio wa mzee yule. Kobe akiona kasoro, kiti chake kinalia. Akiona kadi safi, anakohoa kidogo na kuiweka chini haraka. Akitilia shaka, anavuta pumzi puani. Sinia likimfikia, dada anazifuata zile sauti: hapa kiti kililia, andika sita, hapa alikohoa, andika tisa. Zile zilizoanzia kwake alizipapasa kingo kwa ncha ya kidole, akabahatisha, akaomba Mungu.

Na alama zikalingana! Zililingana kuliko wakati wowote. Bosi alifurahi mpaka akawaletea wateja wachungulie mlangoni.

"Hawa wawili wanaelewana kama mapacha," alisema. "Hawapishani kabisa."

Dada alitabasamu. Kila siku aliporudi nilimuuliza, "Vipi leo?" Naye alinijibu, "Bado," kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima.

Kisha kadi moja ikarudi. Bosi aliingia nayo, akaitikisa karibu na masikio yao. Ilicheza ndani ya kasha: kachu, kachu. Kadi nzima haichezi. Ile ilikuwa imenyolewa pande zote mbili, na wao walikuwa wameipa tisa. Mtoto mdogo angeiona.

"Nani aliyeianza hii?" bosi akauliza.

Bosi hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha dada zaidi. Alisema tu kwamba kesho asubuhi mwenye kadi atakuja, nao watapima mbele yake, kila mmoja peke yake, katika chumba tofauti.

Walipotoka kazini dada alimkamata Kobe kwenye ngazi, akamshika mkono wa koti.

"Mzee wangu, nisitiri. Macho yangu yameniacha. Muda wote huu nimekuwa nikikusikiliza wewe. Kiti chako, kikohozi chako. Sasa kesho nitafanyaje?"

Kobe alishika chuma cha ngazi. Dada anasema hakumwona uso, alisikia tu pumzi yake ikikatika.

"Binti yangu," mzee akasema, "mimi sioni tangu mwaka jana. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Walisimama pale, watu wakiwapita. Kobe alieleza kwamba dada akiridhika na kadi huguna, akiikataa hupiga kitambaa mezani. Yeye alikuwa anafuata hayo. Na kile kikohozi? Alikohoa kwa sababu ana kifua. Kiti kililia kwa sababu ni kibovu. Makasha yote yaliyotoka chumba kile tangu macho ya dada yafifie, yaliyouzwa, yaliyowekwa kwenye makabati ya watu, hakuna mtu aliyekuwa ameziangalia kadi zake.

Usiku huo dada hakulala. Lakini alfajiri alikata shauri: ataenda kusema. Heri afukuzwe, alisema, kuliko kuendelea kukaa kwenye kile chumba. Nilimchania nywele, nikamfunga vifungo, nikamsindikiza hadi mlango wa ofisi. Nilijisikia fahari, nakiri. Nilifikiri mabaya yamekwisha.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Mdogo wangu. Na mzee anajua, kwa sababu na yeye..."

"Sitaki kusikia ya mzee." Akarudi kukaa. "Yule wa kadi ya jana nimemalizana naye, haji. Wewe ukiondoka leo, watu watauliza kwa nini Jicho kaondoka. Makasha yote yenye lebo yetu yatarudi hapa."

"Basi yarudi, bosi."

"Yakirudi, mimi simo, na wewe na mzee mtaulizwa na polisi, si na mimi. Alama mliziandika nyinyi." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Utaendelea kukaa pale pale. Na usithubutu kwenda kwa daktari wa macho hapa mjini, unajulikana. Mwambie na huyo mdogo wako afunge mdomo."

Dada alikuwa ameogopa kufukuzwa. Kwamba anaweza kukatazwa kuondoka, hilo halikumpitia akilini.

Bosi alimshika kiwiko, akampandisha ghorofani, akamketisha. Nyuma yake alisikia kiti cha Kobe kikilia. Mlangoni kulikuwa na mtu mwingine, mteja, ananukia manukato, anamwambia bosi kwamba amesafiri mbali ili kadi yake ipimwe na Jicho mwenyewe. Bosi akaiweka kadi juu ya kitambaa, akainama sikioni kwa dada.

"Ni kumi hiyo, siyo?" akanong'ona.

Jioni nilimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni. Nilimuuliza walimfanya nini. Hakulia. Alinieleza hayo yote kwa sauti moja, neno baada ya neno, kisha akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata.

"Nimeandika kumi," akasema. "Mteja alipiga makofi. Mdogo wangu, hata sikuona kama kuna mtu kwenye picha."