Nilimshauri binti wa Kinama aweke tiki kwenye Kiafrikaans, akaenguliwa kwenye ufadhili

Wakuu, hamjambo. Stori hii sijaitia maji, na mjinga ndani yake ni mimi.

Ilikuwa 2017, nimepanga Bellevue hapa Joburg, zile nyumba za kizamani zilizokatwa vyumba. Chumba cha pili alikaa Sanna, miaka kumi na tisa, Mnama kutoka Northern Cape.

Wanama ni miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa nchi hii. Lugha yao ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, kama ya Wasandawe wetu wa Kondoa.

Sanna alitaka kusomea ualimu, arudi kwao afundishe wadogo kwa Kinama. Yeye shuleni alikatazwa kukiongea.

Kukawa na mfuko unaosomesha watoto wa jamii za asili. Fomu kurasa tisa. Akaniletea niikague, maana mtaani mimi ndiye bingwa wa fomu. Mgeni akikaa Joburg miaka sita akikimbizana na vibali, lazima awe bingwa.

Swali la lugha ya nyumbani: zimeorodheshwa lugha rasmi kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili, yake haimo. Chini kabisa kuna "nyingine".

Nikamwambia weka tiki Kiafrikaans.

"Anko, hiyo si lugha yangu."

"Unaiongea?"

"Naiongea."

"Basi tiki. Ukiweka 'nyingine' watakuuliza maswali mpaka uzeeke."

Wakuu, sisi wageni ndivyo tunavyoishi: unaandika kile dirisha linachotaka, unapita. Sikufikiria kwamba mwenye nchi hapaswi kujaza fomu kama mgeni.

Jibu likaja: ameenguliwa. Mfuko ni wa wanaoongea lugha za asili, na yeye kasema lugha yake ni Kiafrikaans!

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Anko, walimu walijaribu kunifuta miaka kumi na mbili wakashindwa. Wewe umetumia tiki moja."

Eish. Asubuhi nikafunga meza yangu ya kuuzia mapazia, tukaenda ofisi za ule mfuko.

Mama wa dirishani: "Na wewe ni nani?"

"Jirani. Mimi ndiye niliyemshauri."

"Ushauri mzuri sana, bhuti," yaani kaka. Akageuza karatasi. Rufaa mwisho Ijumaa, alete kiapo cha polisi, na barua ya mzee wa kwao iliyoandikwa kwa Kinama.

Siku hiyo ni Jumatano.

Polisi wakagonga muhuri huku wanacheka. "Watu huapa hapa kwamba simu imeibwa. Wewe unaapa kwamba unaongea lugha ya mama yako?"

Barua ndiyo ikatukwamisha. Mzee aliyebaki ni bibi yake, na bibi hajui kuandika Kinama. Nani angemfundisha, shule gani?

Ijumaa tukarudi na kiapo peke yake.

"Barua iko wapi?"

Nikaanza kubargain kama niko sokoni. Mama, mnataka maandishi ya lugha ambayo shule zenu hazikuifundisha. Bibi yupo hewani, msikilize dakika mbili tu. Akasema moja. Nikasema sawa.

Sanna akaweka simu kaunta, loudspeaker. Bibi akaanza. Sanna akajibu, vidoko vikapishana, mara wakacheka wote wawili. Dakika moja ikawa saba, dirisha halikukatisha.

Mama yule akaandika mwenyewe kwenye faili: "Nimesikia kwa masikio yangu." Akagonga muhuri.

Mfuko ukamchukua. Siku ya kujiandikisha chuoni alipita na fomu mpya mkononi. Nikanyoosha mkono niikague.

"Hapana, anko. Hii najaza mwenyewe."

Nilichojifunza: punguza bei ya vyote, ila lugha ya mtu usiiweke mezani.

Maana jioni ile nilifukua karatasi za shule za binti yangu, aliyezaliwa hapahapa. Lugha ya nyumbani: Kiingereza. Mwandiko wangu kabisa.

Nyie mlioko nje, wenu mliwaandika nini? Semeni ukweli, sitacheka.