Punda wa Kakuma aliyepita vipimo vyote vya daktari

Wakuu, ejok, nawasalimu Kiturkana.

Sijaongeza chumvi kwenye huu uzi. Ningekuwa na moyo wa kutunga, ningetunga kitu cha kunifurahisha mimi mwenyewe, si hiki.

Mimi ni fundi wa welding hapa Lodwar, natengeneza mageti na madirisha. Mamangu anaishi nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kakuma, ukifuata lagga, ule mto mkavu wa mchanga, kwenda juu. Maji wanachota kwenye visima vya kuchimba ndani ya mchanga wa lagga, na si karibu.

Mwaka huu mama alianguka huko na mtungi kichwani. Nyonga ikaumia. Zahanati wakamwambia asibebe tena kitu kizito kichwani, akiendelea kubeba ipo siku atashindwa kuinuka kabisa.

Sasa umwambie mama asibebe maji, nani atabeba? Dada zangu wameolewa mbali, mimi niko huku na mashine yangu.

Nikaamua kumnunulia punda.

Ngoja niwaeleze kitu nyinyi wa mbali. Kwetu punda ni mali ya akina mama. Sisi wanaume tunajua mbuzi, ng'ombe na ngamia. Nionyeshe mbuzi akiwa mbali na nitakuambia kama ana shida. Lakini punda, tangu utotoni, wanaomfunga mzigo ni akina mama, wanaomshusha ni akina mama, wanaomwosha vidonda ni wao. Mwanaume akizunguka anakagua punda atachekwa hadi ahame.

Mama alisema twende wote Kakuma akamwone mwenyewe. Nikamwambia apumzishe nyonga, mimi nitaweka daktari wa mifugo ampime, siku hizi mambo ni ya kisasa. Akasema haya.

Muuzaji nilielekezwa tu, nikampigia simu kwamba nakuja. Na kabla hamjakimbilia kwenye comments kuwasingizia wakimbizi wa kambi, ni Mturkana kama mimi, mzee wa heshima zake, anaketi kiti cha mbele kanisani. Punda wake alikuwa wa kijivu, kifua kipana, anapendeza. Alikuwa akivuta mkokoteni wa maji pale mjini.

Mimi nikaanza kusema habari ya daktari nikidhani mzee atakasirika. Wapi. Akafurahi.

"Kijana yangu, hiyo ndiyo akili," akaniambia. "Usinunue mnyama kwa macho. Daktari mzuri yuko hapa karibu, acha nimpigie."

Nikasema moyoni, huyu mzee hana cha kuficha. Wakuu, hata nilimshukuru.

Daktari akaja na gumboots na begi lake. Akamfungua punda mdomo, akaangalia meno. Akafunua macho. Akaweka thermometer, akasikiliza moyo, akainua kwato akazikwaruza. Akamtembeza kidogo pale kwenye mchanga laini, akamgeuza, akarudi naye kivulini. Kazi safi ukiitazama.

"Huyu hana ugonjwa," akasema. "Huyu ni gari."

Akaandika karatasi, akapiga muhuri. Kazi yake nikamlipa mimi, si mzee. Kumbukeni hapo.

Nikamvuta punda mguu kwa mguu hadi nyumbani, akatembea vizuri tu. Mama alipomwona alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Akampapasa shingo, akamwita Lopus kwa ile rangi yake. Kisha akaniwekea mkono kichwani akanibariki. Nililala kwetu nikijiona mwana wa maana.

Nikarudi Lodwar.

Juma halijaisha simu ikaingia. Mama si mtu wa kupiga simu ovyo, huwa anasubiri mimi nipige.

"Lopus amekataa," akasema.

"Amekataa nini?"

"Mguu wa mbele. Nikimwekea mitungi anauinua, anatetemeka. Jana alilala chini na maji yote yakamwagika."

Nikaahirisha geti la watu nikapanda gari kwenda Kakuma. Nilimkuta Lopus amesimama kwa miguu mitatu, ule wa mbele ameuning'iniza. Kifundo kimevimba na ukikigusa ni moto.

Nikampigia daktari. Nilimpigia kwa heshima kabisa, nikijua labda punda ameumia njiani na ni bahati mbaya yangu.

Hakuniacha hata nimalize.

"Ah, huyo. Sindano itakuwa imeisha nguvu. Mlete nimdunge ingine."

Nikamuuliza, "Sindano gani, daktari?"

"Si ni ile ya kutuliza maumivu. Nilimdunga asubuhi ile kabla hujafika, mzee alisema kuna mnunuzi anakuja. Huo mguu umemsumbua kitambo, ndiyo mzee akamtoa kwa mkokoteni."

Wakuu, nilikaa chini kwenye mchanga.

Nikamuuliza kama yeye ndiye amekuwa akimtibu huyu punda. Akasema ndiyo, yeye ndiye daktari wa mifugo yote ya yule mzee, tangu zamani. Anasema hivyo bila wasiwasi, kama mtu anayekutajia kabila lake.

"Na mbona hukuniambia?"

"Uliniambia nimpime kama ana ugonjwa. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda, na wakati namwangalia alikuwa anatembea sawa. Kwani niliandika uongo gani?"

Haki damu ilinichemka. Mtu nimemlipa mimi, anisaidie mimi, kumbe amekuja kuangalia kama dawa yake imeshika.

Nikaenda kwa mzee. Nilimsalimia maana nimelelewa, kisha nikamwambia yote. Hakubisha hata neno moja.

"Lakini si ulileta daktari?" akasema. "Si una karatasi ya muhuri? Punda alitoka kwangu akitembea."

Ile karatasi niliyoilipia ndiyo sasa inamlinda yeye. Nimeipeleka ofisi moja ya mifugo hapa Lodwar, wakaisoma, wakaniambia imeandikwa vizuri.

Kinachoniuma si kuibiwa. Kinachoniuma ni kwamba wote wawili walijua punda ni wa nani. Nilikuwa nimewaambia habari ya nyonga ya mamangu, pale pale kivulini, na mzee akasema pole.

Sasa mwenye kusikia asikie. Ukinunua punda, farasi, ngamia, chochote cha kubeba, daktari mtafute wewe, atoke mbali na muuzaji. Muulize usoni kama amewahi kumtibu huyo mnyama. Wenye farasi huko mijini wanatoa hata damu ikapimwe kama kuna dawa ya maumivu ndani, na nilikuwa nawaona wana madoido. Mnyama abebe mzigo mbele yako, kwenye ardhi ngumu, si mchanga. Urudi siku nyingine bila kubisha hodi. Na kama kwenu punda ni wa akina mama, mwache mama aende na macho yake.

Nimemwambia mama tumuuze Lopus. Amekataa. Anasema atamuuzia nani, na atamwambia nini huyo mtu.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Nikamwona mama anatoka lagga na mtungi kichwani, anachechemea. Nyuma yake Lopus, mgongo mtupu, naye anachechemea. Walipofika, mama alishusha mtungi akishika nyonga, na maji ya kwanza akammiminia punda.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kujua namna ya kumbana huyu daktari aseme. Ila anayetaka kuandika "pole mkuu, ni punda tu", aanze kwanza kwa kuja kwetu kumpokea mamangu ule mtungi.