Tumbaku Iliyorudi Lodwar

Baba mkubwa wa mwanamke niliyemposa aliposema hapana, nilimshukuru, nikaokota tumbaku yangu, nikaondoka. Katika maisha yangu yote ya Turkana sikuwahi kufanya jambo la adabu zaidi ya hilo, na nusura linikoseshe mke.

Mwaka huo wa 2012 nilikuwa nafundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha walimu mjini Lodwar. Nilikuwa nimepita arobaini, sina mke, nina vitabu. Kukaa mahali pamoja kulinishinda. Nilihama nyumba ya kupanga, nikahamia nyingine, kisha nikahama tena, kana kwamba kuna bati la Lodwar lisilochemka kufikia saa nne asubuhi. Nilichokuwa nangoja kwa hamu ni safari za Kakuma, kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa wakijifunza kazi katika shule za huko. Huko ndiko nilikokutana naye, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke wa makamo kama mimi, mwenye kicheko ambacho hakikuwa na haraka.

Alichokicheka kwanza ni salamu zangu. Kule salamu si kitu cha kusema mara moja ukamaliza. Mnaambiana ejok, mnaulizana mbuzi, watoto, mvua, kisha mnarudi kwenye ejok kama vile hamjaonana bado. Mimi nilikuwa natupa ejok moja na kuingia kwenye ajenda.

"Mwalimu," aliniambia, "unasalimu kama mtu anayekimbizwa."

Tukazoeana, tukaelewana, na siku moja akaniambia niende kwa wazee. Baba yake alikuwa amefariki. Wa kupokea wageni wa namna hiyo alikuwa kaka yake baba. Hakunifundisha la kufanya. Nani hufundisha jambo ambalo kila mtu analijua?

Nilikwenda na mhasibu wa chuo, mtu wa Machakos, 'mtu wa Kenya' kama mimi, ndivyo Waturkana wanavyotuita sisi wa kusini, aliyeijua Turkana kwa kiasi nilichoijua mimi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake chini ya mgunga, ng'ambo ya mto mkavu wa Kakuma, na wazee wenzake wamemzunguka. Tulisalimu haraka. Tukaweka tumbaku na sukari chini. Nikatoa hotuba niliyoiandaa njiani, yenye utangulizi na hitimisho.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatema mate pembeni.

"Hapana," alisema. "Mtoto hii iko na kazi yake. Nyinyi kwenda."

Nikasimama. Nikasema naheshimu uamuzi wao. Mhasibu, ambaye alichukia upotevu wa aina yoyote, akaninong'oneza, "Sasa hii tumbaku tunamwachia ya nini?" Tukaiokota. Sukari tukaiacha, nadhani kwa sababu mfuko ulikuwa umepasuka. Wazee walitutazama kwa mshangao ambao mimi niliusoma kama heshima.

"Afadhali wamesema mapema," mhasibu alinifariji barabarani, huku gari likirukaruka kwenye mawe.

Tumbaku ikakaa dirishani kwangu Lodwar. Mimi sikukaa. Nilimpigia simu mwalimu wa darasa la tatu, ikaita hadi ikachoka. Nilikuwa natembea hadi daraja la Turkwel, natazama maji ya kahawia, narudi, nanawa uso, natoka tena. Jumamosi moja nilikwenda Eliye kutazama ziwa. Nililitazama kwa muda wa soda moja, nikarudi. Nikaanza kuulizia uhamisho. Sauti yake nilikuwa nayo masikioni, na nilichokitaka zaidi ya kitu chochote ni kuisikia kwenye simu ile.

Mwaka uliofuata chuo kikaandaa mafunzo kwa walimu wa shule za msingi. Nilipewa kipindi, nikaamua kuzungumzia neno ambalo mwalimu wa Kiingereza hulisema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe: "repeat". Niliingia darasani nikamwona ameketi nyuma, karibu na dirisha, anajipepea kwa daftari.

Sikuwa na pa kukimbilia ila kwenye somo. Nikawaambia kwamba sisi tumelifanya neno hilo kuwa la kasuku: mwalimu anasema, darasa linaitikia. Au la aibu: mtoto ameanguka mtihani, anarudia darasa. Lakini Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, na huko ndani yake mna kitenzi cha kukiendea kitu unachokitaka: kukitafuta, kukiomba, hata kukishambulia. Kutokana na mzizi huohuo Kiingereza kina neno la ombi, la mashindano, na la hamu ya chakula. Kwa hiyo, nikasema huku nikijisikia msomi, aliyerudia zamani hakuwa kasuku. Alikuwa mtu aliyekwenda kuomba, akakosa, akaenda tena.

Mkono ukainuka nyuma, karibu na dirisha.

"Mwalimu, na wewe umeomba mara ngapi?"

Darasa likalipuka. Walimu wa Kakuma, niligundua wakati huo, walikuwa na habari zote.

"Mara moja," nikasema.

"Na tumbaku ikarudi Lodwar!" mama mmoja wa mbele akadakia. "Mwanamume anabeba tumbaku yake kurudi! Uuu!"

Baada ya kipindi nilimkuta nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Sasa hakuwa akicheka.

"Mzee alikaa akiangalia barabara," alisema. "Alijua unaenda kutafuta watu wa maana urudi nao. Hapana ya kwanza ni ya kukuangalia tu. Angekubali siku ile, watu wangesema nimetupwa. Ukapotea. Unajua alisema nini? 'Huyo mtu ya Kenya alidhani hapa ni duka. Ameambiwa soda hakuna, amekwenda duka ingine.'"

"Mbona hukushika simu?"

"Ulikuwa unaomba kwa simu?"

Wiki hiyohiyo nilipanda kwenda Kakuma na tumbaku ileile, imekauka kama majani ya kuwashia moto. Mhasibu alikuja pia. Tulisalimiana na wazee hadi mimi mwenyewe nikaanza kuwahurumia mbuzi kwa kuulizwa sana. Sikutoa hotuba. Nilisema nimekuja kwa jambo lilelile.

Mzee akatema mate pembeni, kama mara ya kwanza.

"Hapana," alisema.

Miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia popote, ilitaka kusimama. Niliibana chini kwa viganja. Mzee akanyoosha mkono, akachukua tumbaku, akainusa, akakunja uso.

"Hii imezeeka," akasema, na kuiweka mdomoni. Kisha akamwelekezea mhasibu kidole. "Siku ingine usikuja na hii. Kuja na mtu anajua mbuzi ya mahari."